Funza wa Daraja la Kwanza

Katika ghala lile la kufungashia matunda, watu walimwogopa Jicho kuliko walivyomwogopa mwenye ghala, na mwenye ghala alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Jina hilo la Jicho alipewa na wafungashaji wenyewe, naye hakulichukia. Alikuwa mkaguzi. Kila tunda la joka lililoingia pale lilipita mezani kwake, chini ya taa nyeupe, kabla halijavishwa wavu wa sponji na kulazwa kwenye boksi la kwenda ng'ambo. Kovu dogo kama kucha ya mtoto, ameshaliona. Magamba yaliyoanza kunyauka ncha, kreti nzima inarudi. Wakulima waliokuwa kwenye foleni walimtazama mikono, hawakumtazama uso, maana usoni hapakuwa na cha kusoma.

Miaka michache nyuma hakuna mtu upande ule aliyelijua tunda hilo. Lilipoonekana mara ya kwanza watu walicheka: dungusi linazaa kitu chekundu chenye magamba, nani atatia kinywani? Kumbe wa kutia kinywani walikuwepo, ila walikuwa mbali. Watu wa ng'ambo walilipenda kwa rangi yake. Walilisaga kwenye vinywaji vya afya, wakalipiga picha kabla ya kulila, na wengine wakaishia kwenye picha tu. Maduka yao makubwa yakalitaka mwaka mzima. Kaka, ambaye wakati huo alikuwa dalali wa vitunguu, alilinusa soko mapema. Alijenga ghala, akafunga chumba cha baridi, kisha akawapitia wenye mashamba mmoja baada ya mwingine na ahadi moja: pandeni majoka, nami nitachukua daraja la kwanza lote kwa bei tuliyopatana, soko lipande, soko lishuke. Watu waling'oa mahindi yao. Wakasimika nguzo za zege na kuyapandisha madungusi juu yake, na kwa misimu kadhaa kila mtu alicheka vizuri.

Lililokuja kuwaharibia lilianzia mbali kabisa. Kulikuwa na nchi kubwa iliyokuwa ikila majoka kuliko dunia yote, na jirani yake ndiye aliyekuwa akiilisha. Nchi ile kubwa ikaanza kulima ya kwake, na mpakani ikawa inamzungusha jirani kwa ukaguzi mpaka mizigo yake inaoza ndani ya malori. Jirani hakukaa akalia. Aligeuza meli zake, akayamwaga majoka yake kwenye masoko yale yale aliyokuwa akiuza Kaka, kwa bei ya kutupa.

Kaka alimwita Jicho ofisini mchana, wakati wafungashaji wamekwenda kula. Simu ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mnunuzi anataka nimpe kwa bei ambayo haitoshi hata nauli ya meli," alisema.

"Basi usimpelekee."

"Nisipompelekea, haya ya wakulima nayaweka wapi? Wiki ijayo wanaanza kuvuna. Niliwaahidi nitachukua yote, na walinisikia watu wengi."

Jicho alivuta kiti, akakaa. Alimjua kaka yake. Alipoanza kuzunguka namna hiyo, jambo alikuwa ameshalimaliza kichwani.

"Kuna kitu kimoja tu kinachonitoa kwenye ile ahadi," Kaka akasema. "Nzi."

Hakuhitaji kueleza. Kila mkulima pale alilijua sharti hilo. Nzi wa matunda hutaga ndani ya tunda, na funza wake mmoja akikutwa ng'ambo, mlango unafungwa kwa wote. Kwa hiyo shamba litakalokutwa na funza, matunda yake yanafukiwa na madungusi yake yanakatwa hadi chini. Mashamba mengine ya eneo lile yanazuiwa kuuza msimu mzima, na mwenye ghala hana lawama.

"Kwenye mitego yetu msimu huu sijaona nzi hata mmoja," Jicho alisema.

"Wewe ndiye unayejua kama wapo au hawapo. Ukisema wapo, wapo." Kaka alikuwa anatazama dirishani. "Nilikuwa nafikiria lile shamba la mwalimu mstaafu, ng'ambo ya mto. Dogo, halimuumizi mtu sana."

"Mwalimu ana mdomo. Atakuitia watu wapime."

"Nani, basi?"

Jicho hakuchukua muda kujibu, na baadaye hilo ndilo lililokuja kumsumbua kuliko yote, kwamba hakuchukua muda.

"Tuanze na Mjomba."

Kaka aligeuka. "Mjomba ndiye aliyetulea."

"Wewe alikulea shuleni. Mimi alinilea jikoni."

Ilikuwa kweli. Wazazi wao walipofariki, Mjomba aliwachukua wote wawili, na hapo wema wake ukaishia. Mvulana alinunuliwa viatu na vitabu. Msichana alipewa ndoo. Mbele ya wageni Mjomba alimwita Mzigo, nao mzigo ukaitika na kuleta maji ya kunawa. Alipofaulu mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, mtu alitumwa nyumbani kuuliza kwa nini haripoti. Mjomba akamwambia yule mjumbe kwamba binti ameshaolewa. Hakulificha jambo hilo. Alikuwa akilisimulia mezani kama kichekesho, jinsi mjumbe alivyotoa pole na pongezi kwa mpigo mmoja, na kila aliposimulia alicheka hadi kukohoa.

Mke wa Mjomba ndiye aliyemtoa Jicho pale. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, na Jicho alimwita Mama. Aliuza cherehani yake bila kumwambia mumewe, akamtafutia Jicho nafasi kwenye mafunzo ya ukaguzi wa mazao, na mumewe alipouliza cherehani iko wapi alisema imeibiwa, akapigwa kwa uzembe wa kutofunga mlango. Na shamba la majoka, ingawa watu waliliita la Mjomba, mikono iliyolilima ilikuwa ya huyo mama. Jicho aliyajua haya yote akiwa amekaa pale ofisini. Aliyaweka kando kama anavyoweka kando tunda lenye kovu. Alijiambia kwamba Mama siku zote amekuwa mtu wa kuelewa.

Kaka alimwangalia. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Wewe dada yangu," alisema, "una kinyongo kirefu."

Funza hawakumsumbua kuwapata. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na mpera, na mapera yalikuwa yanaoza chini. Siku Mjomba alipoleta mavuno yake ya kwanza, Jicho alikuwa nao ndani ya kichupa cha dawa mfukoni mwa koti lake jeupe.

Mjomba alishuka kwenye gari kifua mbele, kofia kichwani, akisalimia foleni nzima kama mtu anayegombea cheo. Mama alikuwa nyuma yake anashusha kreti. Alikuwa amevaa soksi kuukuu mikononi badala ya glavu, kwa ajili ya miiba. Alipomwona Jicho alitabasamu, akainua mkono mmoja wenye soksi.

"Hujambo mwanangu? Umekonda. Unakula kweli?"

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Safari hii nimekuletea mazuri, utaona mwenyewe."

Yalikuwa mazuri kweli. Jicho hakuwahi kuona majoka mazuri kama yale: mazito, mekundu sawasawa, magamba yamesimama kijani hadi nchani. Daraja la kwanza, bila shaka yoyote. Alichukua moja, akalipeleka kwenye meza ya kukatia iliyokuwa pembeni, akawapa watu mgongo. Kisu chake cha ukaguzi kilikuwa chembamba. Kilipita chini ya gamba bila kuacha alama ya kuonekana. Aliporudi nalo mbele yao, alilipasua katikati. Ndani ya ile nyama nyekundu, funza weupe walikuwa wanajinyonganyonga.

Mtu wa karibu kwenye foleni alirudi nyuma hatua moja. Wengine wakasogea kuona.

"Haiwezekani," Mjomba alisema.

"Nami nasikitika, Mjomba."

Mama alikuwa ameinama juu ya lile tunda, pua karibu kuligusa. "Kila moja nimelivisha mfuko," alisema taratibu. "Tangu likiwa kama yai. Kila moja, mwanangu, na kamba nimefunga mimi."

"Mifuko hutoboka, Mama," Jicho alisema. Alilisema kwa ule upole wake wa kazini.

Mjomba alimshika mkono, akamvuta pembeni. Lakini alikuwa mtu wa sauti kubwa, hakujua kunong'ona, na foleni nzima ilisikia. "Wewe ni damu yangu. Hilo moja si ulitupe tu? Nani atajua?"

"Nikikupendelea wewe, hawa wengine nitawaambia nini?"

"Nakuomba."

"Sijakusikia, Mjomba."

Mjomba akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimepata upara ambao Jicho hakuwahi kuuona. "Nakuomba, mwanangu," akasema. "Tafadhali."

Jicho aliyaacha maneno yale yakae hewani, watu wote wayasikie hadi mwisho. Alikuwa ameyasubiri tangu akiwa binti, na yalikuwa matamu kama alivyodhani yangekuwa. Halafu akawageukia vibarua na kuwaambia wapeleke kreti zote shimoni.

Waliyamwaga, wakayaponda kwa makoleo, wakayafukia kwa chokaa. Viatu vya vibarua vikawa vyekundu hadi vifundoni. Jioni ile Kaka alisimama mbele ya wakulima akiwa na uso wa msiba. Akawaambia eneo zima limefungwa, hakuna la kufanya, nzi hawana adabu. Wengine walilia. Majoka yao yakaozea kwenye nguzo, na watoto wakawa wanayapiga mateke barabarani. Kaka hakuchukua hata boksi.

Siku iliyofuata Jicho alitakiwa kwenda kusimamia ukataji wa shamba. Alidhani atamkuta Mjomba, na moyoni alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alimkuta Mama peke yake na panga. Mjomba alikuwa amejilaza ndani, kageukia ukuta, na alikuwa ameshatoa hukumu yake: mwanamke huyu ndiye aliyeleta funza, kwa mkono wake mchafu na uvivu wake.

Mama alikuwa amekata mstari mzima. Madungusi yalilala chini yakitoa utomvu, mengine na maua ambayo hayajafunguka. Alipomwona Jicho aliweka panga, akaingia jikoni, akarudi na maji kwenye bilauri safi, na kiti.

"Kaa kivulini. Jua kali."

Jicho alipokea maji. Shavu la Mama la kushoto lilikuwa limevimba, na wala hakulificha.

"Nimetafuta, mwanangu," Mama alisema. "Baada ya kutoka kule nimepita shina kwa shina, nimepasua yaliyobaki. Sijaona hata mmoja. Labda macho yangu yamezeeka. Eti? Labda yamezeeka tu."

Alikuwa anamtazama Jicho kama mtu anayemtazama daktari. Neno moja lingetosha kumtua mzigo ule. Jicho alikunywa maji hadi yakaisha.

"Labda, Mama," alisema.

Mama akatikisa kichwa kukubali, akachukua panga, akaendelea na mstari wa pili.

Mwezi haukuisha, Mjomba akamtupia vitu vyake nje. Alisema hawezi kuishi na mtu aliyemfilisi. Mama alifika kwa Jicho na furushi moja na ufagio. Huo ufagio hata mwenyewe hakujua kwa nini ameubeba. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa. Jicho alimpa chumba cha nyuma, akamnunulia godoro jipya, shuka, na kandambili za bafuni. Alimpikia. Alimkanda miguu jioni. Majirani walimsifu, wakasema heri mtu awe na mtoto wa kulea kama huyu, na Mama mwenyewe alikuwa akiwaambia hivyo hivyo dukani, "Asingekuwa yeye ningelala wapi mimi?" Jicho alipozisikia sifa hizo aliinamisha uso na watu wakadhani ni haya.

Mjomba, akiwa hana dungusi wala mke wa kulima, alimkodisha Kaka shamba lile kwa bei ya bure. Kaka akapanda upya.

Baada ya mwaka hivi soko likageuka. Dhoruba ilipiga mashamba ya yule jirani aliyekuwa akimwaga majoka kila mahali, ikalaza nguzo zake chini, na ng'ambo kule rafu zikabaki tupu. Mnunuzi yule aliyekuwa akijivuta alianza kupiga simu asubuhi na jioni. Bei ikaota mbawa. Makontena yalikuwa tayari, mashamba yamezaa, ila kulikuwa na mfupa kooni: eneo lile lilikuwa na jina la nzi. Mnunuzi alisema hawezi kugusa tunda la mahali penye funza. Akamtuma mtu wake aje aone kwa macho.

Kaka aliita mkutano ndani ya ghala. Wakulima walikuja, vibarua walikuja, na Mjomba akaja na kofia yake. Mama alikuja pamoja na Jicho, akakaa benchi la mbele kwa sababu sikio lake moja halikuwa likisikia. Mgeni aliyetumwa na mnunuzi alikaa kando na mkalimani. Jicho alisimama karibu na meza yake kama kawaida, akidhani ataulizwa kuhusu mitego ya nzi.

"Nina jambo la aibu," Kaka alianza, na sauti yake ilikuwa na huzuni nzuri kabisa. "Hapa kwetu hapajawahi kuwa na nzi. Wale funza walitiwa. Waliwekwa ndani ya tunda na mkaguzi wangu, ambaye ni dada yangu, kwa chuki zake binafsi na Mjomba wetu. Nimeligundua juzi. Kuanzia leo hana kazi hapa, na ninawaomba msamaha nyote."

Mkalimani alikuwa anamnong'oneza mgeni. Mgeni alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mashine ya chumba cha baridi ilikuwa inanguruma. Jicho alimgeukia kaka yake.

"Wewe ndiye uliyenituma," alisema.

Kaka alimtazama kwa utulivu, karibu kwa upendo. "Nilikutuma kwa Mjomba?" aliuliza.

Jicho alifungua mdomo. Angeweza kusema mengi: simu, bei, mwalimu mstaafu, yale yote ya ofisini. Lakini swali lilikuwa limekaa sawasawa mahali pake, na jibu lake lilikuwa hapana. Alijikuta anamtafuta Mama kwa macho. Mama alikuwa amegeuza sikio lake zima kuelekea kwake, akisubiri asikie.

Jicho akainamisha uso.

"Mnaona," Kaka akawaambia watu.

Mjomba ndiye aliyecheka kwanza. "Nilisema mimi," alisema, akimpiga bega jirani yake. "Huyu tangu mdogo ni mzigo." Halafu akamwelekea mkewe, na kwa sauti ile ile ya kuagiza chakula akasema, "Haya, wewe. Kachukue vitu vyako turudi."

 Mama aliinuka kwa kushika ukingo wa benchi, akatoka. Watu walimpisha njia. Jicho alimfuata kwa nyuma, na kuna aliyemtemea mate kwenye kiatu, na kuna kibarua mmoja, wa wale walioponda yale majoka kwa makoleo, aliyesema kwa sauti kwamba jicho la namna hii linafaa kutobolewa. Watu wakacheka. Mgeni aliuliza wanacheka nini, na mkalimani akamwambia si kitu.

Nyumbani Jicho alisubiri. Alisubiri atukanwe, alisubiri furushi litoke. Mama aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, na asubuhi akatoka, akafagia uwanja kama kila siku. Akachemsha chai yake, ya kikombe kimoja. Akaosha kikombe hicho kimoja. Jicho alipomwamkia shikamoo, Mama alipita.

Mjomba alikuja mara mbili kumchukua. Mara ya kwanza alipiga honi ya gari la kuazima barabarani, Mama akawa anaanika nguo zake asimtazame. Mara ya pili aligonga mlango, akasema kwa jazba kwamba shamba limeanza kuzaa, Kaka anahitaji mtu mwenye mkono wa kuvisha mifuko, na atalipwa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akafunga dirisha.

Hivyo wakaishi. Makontena yalikuwa yakipita barabara ile ile ya mbele ya nyumba, yakinguruma na baridi yake, mengine na matunda ya shamba lile. Kaka alinunua gari jipya. Hakuna ghala lililomchukua Jicho kwa ukaguzi. Habari zilikuwa zimeshatangulia. Alipata kazi ya kuosha kreti kwenye ghala la nyanya, mbali, akawa anarudi na vidole vilivyonyauka kwa maji na dawa. Alileta chakula, akakiweka mezani. Mama alichukua fungu lake, akala chumbani. Alikuwa haombi kitu, wala hakatai, wala haangalii. Alipougua homa Jicho alimpeleka hospitali, akamshika mkono foleni nzima, na Mama aliuacha mkono wake ushikwe kama vile ni mkoba wa mtu mwingine.

Jioni moja Jicho hakuweza tena. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni anachambua mchele wake. Jicho alichuchumaa mbele yake.

"Mama. Niambie tu. Unanichukia?"

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa changarawe, akaitupa, akatoa nyingine. Jicho akadhani hakusikia kwa sikio lile, akataka kurudia.

"Swali hilo," Mama alisema, bila ukali wowote, "niulize siku nitakapokuwa na kwangu."

Kisha akainua ungo, akaingia ndani kuwasha jiko lake.